Mama wa mchumba amekataa: posa ni ya nani kuibeba?

"Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 28, Mchaga wa Rombo, ninafanya kazi katika duka la dawa jijini Mwanza. Nina mchumba Msukuma wa Magu, tumekuwa pamoja miaka mitatu na sote ni Wakatoliki. Baba yake alifariki, naye ni mtoto wa kwanza na ndiye anayewalipia ada wadogo zake wawili. Mama yake hanitaki. Anasema wanawake wa Kichaga wanapenda fedha kuliko mume, na kwamba nitamhamishia mwanawe Kilimanjaro. Amekwisha kumtafutia binti wa jirani. Mwaka jana nilikasirika nikamwandikia mama huyo ujumbe kwenye simu kwamba anayeolewa ni mimi, si yeye, na tangu hapo mambo yameharibika zaidi. Mchumba wangu kila siku ananiambia nisubiri mama apoe. Baba yangu amesema kama barua ya posa haijafika kabla ya Krismasi, jambo hili liishe. Shangazi ananishauri nibebe mimba ili wasiwe na la kusema. Rafiki yangu amenipeleka kwa mganga anayetaka shilingi 350,000 na nguo ya mchumba wangu ili amfungue moyo. Nimechoka. Nifanye nini ili posa ije?"

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na uchovu unaoueleza ninauelewa. Miaka mitatu ya kungoja neno moja ni mingi, hasa kwa mtu anayeulizwa habari zake kila anapokwenda nyumbani na kulazimika kuwajibia watu uamuzi ambao hauko mikononi mwake. Kabla ya kustaafu nilikuwa afisa ustawi wa jamii katika Kanda ya Ziwa, na mashauri ya posa iliyokwama kwa mama nimeyasikiliza kutoka pande zote mbili: nimekaa na mabinti kama wewe, na nimekaa na akina mama kama huyo wa Magu, wengine wakilia kuliko mabinti wenyewe.

Nikuambie mapema nilikofikia, ili usome yaliyobaki ukijua ninakoelekea. Kwenu Rombo na kwao Magu, posa hubebwa na mwanamume pamoja na watu wake; binti haiendei. Umejitwika mzigo wa kumshinda mama wa watu, nao si wako. Ulio wako ni kumfanya mchumba wako asimame abebe kilicho chake, au kufahamu mapema kwamba hatakibeba.

Nianze na mganga, kwa sababu sijui kama umekwisha kumlipa. Kama bado, usilipe. Kama umelipa, usirudi kudai wala kuongeza. Nimewasikiliza wanawake wengi waliopita njia hiyo, na simulizi zao zinafanana kiasi kwamba ningeweza kuzimalizia mwenyewe. Fedha ya kwanza haitoshi. Baada ya wiki mbili hutokea kizuizi kipya kinachohitaji mbuzi, kisha kizuizi cha ukoo kinachohitaji fedha zaidi. Binti huambiwa asimweleze mtu yeyote, na hivyo hubaki bila mtu wa kumshauri. Kijana akileta posa, mganga hujitwalia sifa. Asipoileta, binti huambiwa kwamba alivunja sharti fulani. Kwa mpango huo mganga hawezi kushindwa, na mtu asiyeweza kushindwa hana sababu ya kuacha kukudai.

Lipo pia la hatari zaidi. Baadhi yao hutoa unga au maji ya kutia katika chakula cha mwanamume, kile ambacho watu hukiita limbwata. Wewe unafanya kazi katika duka la dawa, na najua usingempa mteja kidonge kisichokuwa na jina wala kipimo. Usimpe mwanamume unayempenda kitu ambacho usingemuuzia mgeni. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua mganga anayetibu wagonjwa na kumtaka asajiliwe. Haikumpa mtu kibali cha kuuza moyo wa mtu mwingine. Fikiria pia nguo hiyo ya mchumba wako ikijulikana ilikokwenda. Mama anayesema hafahamu wewe ni mtu wa namna gani atakuwa amepata jibu, nawe hutakuwa na neno la kulifuta maisha yako yote.

Ushauri wa shangazi yako ninauheshimu kwa sababu umetoka kwa mtu anayekupenda, lakini sikubaliani nao. Mimba humfanya mwanamume kuwa baba. Haimfanyi kuwa mume. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 itamtaka amtunze mtoto wake, na hapo ndipo inapoishia. Katika desturi za makabila yetu mengi mtoto aliyezaliwa kabla ya mahari ana taratibu zake za kukombolewa na kutambuliwa, na familia isiyotaka ndoa inaweza kabisa kumchukua mjukuu ikamwacha mama yake. Nimeona nyumba ambamo bibi alimpenda sana mjukuu, na mkamwana hakuwahi kukaribishwa ndani. Zaidi ya hapo, mama huyu ana hofu kwamba unamvuta mwanawe kwa hila, na mimba ya makusudi ingemthibitishia hofu hiyo mbele ya ukoo mzima.

Dada wa shauri hilo ni lile la kuhamia kwa mchumba mkae pamoja, kwa imani kwamba miaka miwili ikipita mtakuwa mmeoana kisheria. Watu wengi wanaamini hivyo, nao wanakosea. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawatambue kuwa mke na mume, watadhaniwa kuwa wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na kwa kawaida hupelekwa mahakamani pale watu wanapoachana au mmoja anapofariki. Husaidia wakati wa kugawana vyombo. Haikuletei barua ya posa wala haimlainishi mama.

Kwa kuwa tumeingia katika sheria, nikuondolee hofu nyingine ambayo naihisi katika barua yako, kana kwamba neno la mama huyo ni kufuli. Wewe una miaka 28 na mchumba wako ni mtu mzima. Sheria ya Ndoa inataka ridhaa ya hiari ya wanaooana. Haihitaji ridhaa ya wazazi wa mtu mzima. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa hutolewa walau siku 21 kabla, na anayetaka kuweka pingamizi ni lazima aonyeshe kizuizi kinachotambuliwa na sheria, kama vile udugu wa karibu au ndoa nyingine iliyopo. Kutopendezwa na kabila la mkwe si kizuizi. Kifungu cha 41 kinaongeza kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa. Upande wa Kanisa ni hivyo hivyo. Kanoni ya 1057 inaweka ndoa juu ya makubaliano ya wawili hao, na inasema hakuna mamlaka ya mwanadamu inayoweza kuyatoa kwa niaba yao. Matangazo ya ndoa yanaposomwa parokiani, waumini wanaulizwa kama wanajua kizuizi, hawaulizwi kama wanafurahi. Pingamizi la wazazi linatajwa katika kanoni ya 1071, lakini linahusu wanaooa au kuolewa kabla ya kufikia utu uzima.

Ninayasema haya ili ujue mlango uko wapi, bila kukuhimiza uupite leo. Sheria inaweza kukupa cheti, lakini haiwezi kukupa mama wa kukupokea siku utakapojifungua.

Sasa tuje kwa mama mwenyewe. Umeniandikia alichosema, nami naamini alikisema. Katika kazi yangu nilijifunza kwamba neno ambalo mzazi analitumia kukataa mara chache ndilo linalomfanya akatae. Neno la kabila liko karibu na ulimi, kila mtu analifahamu, na halimlazimu mtu kutoboa la moyoni. Kwa hiyo usibishane na neno hilo. Litafute lililo chini yake.

Usukumani mahari kwa desturi ni ng'ombe, na ng'ombe hao hawakuwa wa kijana peke yake. Walitoka katika zizi la baba, na mara nyingi zizi hilo lilijazwa na mahari ya dada zake. Baba wakubwa na baba wadogo wakaongezea wa kwao. Kijana aliyeoa kwa ng'ombe wa ukoo alikuwa na wajibu kwa ukoo, na dada ambaye mahari yake ilimwolea kaka alikuwa na sauti katika nyumba ya kaka huyo. Ndiyo sababu watu wengi wanajiona wana haki ya kusema juu ya mke wa mtu mmoja. Leo kijana wa mjini anaweza kulipa mahari kwa mshahara wake, lakini mazoea ya kuulizwa na kusikilizwa hayajaisha, na mzazi aliyepata habari za mkwe kupitia watu wengine huhisi amevuliwa nafasi yake. Mchumba wako alimwelezaje mama yake habari zako kwa mara ya kwanza? Hukuandika, na pengine huna hakika. Muulize. Kama mama alisikia kwa majirani kwamba mwanawe yuko na Mchaga mjini, basi kukataa kwake kulianza siku hiyo, kabla hajakuona.

Kisha tazama hali yake. Ni mjane, mwanawe wa kwanza ndiye anayelipa ada, na kama ni mkulima kama wengi wa rika lake huko Magu, hana pensheni. Pensheni yake ni kijana huyo. Anaposema wanawake wa Kichaga wanapenda fedha, sikiliza hofu iliyo chini ya maneno: ada ya wadogo zake itaendelea kulipwa? Nikiugua usiku, ni nani atakayeamua kama nitumiwe nauli ya kwenda hospitali ya Bugando? Na anaposema utamhamishia Kilimanjaro, kumbuka kwamba nchi nzima inawaona watu wa kwenu wakijaza mabasi kila Desemba kurudi nyumbani. Kwenu hilo ni jambo la kujivunia, nami nalisifu, maana ni watu wachache wanaothamini nyumbani namna hiyo. Lakini mama wa Magu anaihesabu kila Krismasi ambayo mwanawe atakuwa Rombo, safari ya siku nzima kwa basi, naye amebaki na chungu cha pilau na viti vitupu.

Sisemi kwamba maneno yake ni ya haki. Kumhukumu binti kwa kabila lake ni kosa, na katika nchi hii tuna sababu chache za kulivumilia. Mwalimu Nyerere, Mzanaki, alimwoa Mama Maria, Msimbiti, mwaka 1953, na wazee wetu waliwapenda wote wawili bila kuuliza. Ninachosema ni kwamba hofu ya mkate haiondolewi kwa hotuba juu ya ukabila. Inaondolewa na vitendo vya mtu anayeutoa huo mkate, naye ni mwanawe.

Kuhusu binti wa jirani, kuna jambo ambalo vijana hawalioni upesi. Inawezekana mama amekwisha kutoa neno kwa majirani zake, si rasmi, bali kwa vile wanawake wanavyozungumza wakipalilia pamoja. Kulirudisha neno hilo kunamgharimu heshima mbele ya watu atakaozeeka nao. Mtu wa namna hiyo anahitaji njia ya kutokea isiyomwaibisha, na wazee wa ukoo wanaweza kumpa njia hiyo kwa kulichukua jambo na kulifanya uamuzi wao, ili akamwambie jirani, "Baba zake wadogo wameamua." Wewe huwezi kumpa njia hiyo. Hata mwanawe hawezi.

Hapo ndipo tunapofika kwa mchumba wako, na nitazungumza naye kupitia kwako bila kuficha. "Subiri mama apoe" inaweza kuwa kauli ya mwana mwenye adabu anayetafuta wakati mzuri. Inaweza pia kuwa kauli ya mwanamume ambaye hajaamua, na ambaye katazo la mama linamsaidia asiamue. Kwa nje kauli hizi zinafanana. Zinatofautishwa na yale anayoyafanya akiwa anasubiri. Katika miaka mitatu hii, amemwendea baba mdogo au mjomba na kumweleza jambo hili? Amekwenda nawe kwao hata mara moja, mchana, mlango ukiwa wazi? Binti wa jirani alipotajwa, alimwambia mama yake waziwazi kwamba hatamwoa, au alinyamaza? Baba yako alipotoa mwisho wa Krismasi, alikuja kumsalimia au alituma salamu? Mwanamume anayetaka huwa na jibu la angalau mawili kati ya hayo. Asiyekuwa na jibu hata moja hajakwama kwa mama yake, amekwama mwenyewe.

Kwa hiyo zungumza naye, si kwa simu na si usiku baada ya ugomvi. Chagueni siku ya mapumziko, mahali mnapoweza kukaa saa mbili. Mweleze kwamba hutaki kumchagulia kati yako na mama yake, kwamba hutamkataza kamwe kuwalipia ada wadogo zake, na kwamba unahitaji kujua ni lini atawaendea wazee wake. Kisha nyamaza umsikilize. Usijaze kimya chake kwa kumtafutia sababu, maana nina hofu kwamba umekuwa ukifanya hivyo kwa miaka mitatu. Mwisho wa Krismasi ni wa baba yako. Wewe weka wako, wa miezi miwili au mitatu tangu siku hiyo, na umwambie bila ukali. Ukiuweka, uwe tayari kuutimiza, la sivyo ni heri usiuweke.

Akikubali, jambo la kwanza analopaswa kufanya si kurudi kwa mama. Mama amekwisha kusema hapana mara nyingi, na kila mara anapoombwa tena peke yake anazidi kujifunga kwa maneno yake mwenyewe. Aende kwa ndugu wa marehemu baba yake, yule ambaye mama anamheshimu, hata kama si mkubwa kuliko wote. Aende na mkono wenye kitu, akae, aeleze habari zako: unatoka wapi, wazazi wako ni akina nani, unasali wapi, unafanya kazi gani. Na aende na hesabu. Hili nalisisitiza sana. Aseme mbele ya baba yake mdogo kwamba ada ya wadogo zake wawili ataendelea kuilipa mpaka wamalize kidato fulani, kwamba mama atatumiwa kiasi fulani kila mwezi, na kwamba wewe na yeye mmekwisha kukubaliana hivyo. Kabla ya hapo mkae mkubaliane kweli, kwa tarakimu, kwa sababu ahadi hiyo utaishi nayo wewe pia. Kama unaona kiasi hicho hukiwezi, sema sasa.

Baada ya hapo ndipo mshenga anapopata kazi. Watu wengi siku hizi humtafuta mshenga kwa ufasaha wake, wakisahau kwamba kazi yake kubwa huwa nyumbani kwa kijana kabla hajabisha hodi kwa binti. Tafuteni mtu mzima mwenye ndoa iliyotulia, ikiwezekana Msukuma aliyeoa nje ya kabila au aliyeishi na Wachaga, kwa maana huyo atajibu maswali ya mama kwa maisha yake. Barua ya posa itakapoandikwa, iandikwe kwa jina la wazee wa ukoo. Mama akiona watu wa marehemu mumewe wametia mkono, mara nyingi hupunguza makali, hata kama hatacheka siku hiyo.

Upande wako kuna mambo mawili, na la kwanza ni ule ujumbe wa simu. Ulikuwa na haki ya kuumia. Hukuwa na haki ya kumwandikia hivyo mtu wa umri wa mama yako. Na athari yake ilikuwa kubwa kuliko ulivyodhani, kwa sababu ulimwambia mjane kwamba nafasi yake haipo, jambo lile lile analoliogopa. Usiombe msamaha kwa ujumbe mwingine. Nyumbani kwenu mnalo jani la isale, ambalo mkosaji akilipeleka kwa aliyemkosea, aliyekosewa huona vigumu kukataa kusamehe. Mama wa Magu hatalijua, lakini moyo wa desturi hiyo ndio unaotakiwa hapa: mkosaji huenda, hatumi sauti yake hewani. Baba mdogo akikubali kukupeleka, nenda naye. Piga goti umsalimie mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kama wanavyofanya wakamwana wa kule, useme umekosa, na uishie hapo. Usitetee uchumba wako siku hiyo. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, na watakaokuwa wameshuhudia watalizungumza hilo baada ya wewe kuondoka.

La pili ni watu wako. Posa ikifika Rombo na wazee wako wakatoa orodha ndefu ya mahari, mbege, mbuzi, blanketi la bibi, kilemba cha baba, mkaja wa mama, na juu yake fedha nyingi taslimu, basi kile ambacho mama alikisema kitakuwa kimeandikwa kwenye karatasi na kusomwa mbele ya ndugu zake. Ongea na shangazi yako sasa. Nguvu aliyotaka kuitumia kukushauri mimba aitumie kuwaomba wazee waitunze desturi kwa vitu vichache vyenye maana, na fedha iwe ya kiasi. Na umwombe baba yako, kwa heshima, akupe nafasi mpaka ule mwisho uliouweka na mchumba wako. Mweleze hatua zilizokwisha kuchukuliwa, kwa maana wazazi wengi huweka tarehe pale wanapoona hakuna kinachofanyika.

Je, haya yote yatafanikiwa? Siwezi kukuahidi. Nimeona akina mama waliokataa miaka minne kisha wakawa wa kwanza kubeba mjukuu. Nimeona pia waliokataa hadi mwisho. Ikiwa wazee wa ukoo watakubali na mama atabaki na msimamo wake, ndoa inaweza kufungwa kwa baraka ya wazee hao, na kwa maoni yangu hiyo ni ndoa yenye miguu, mradi mchumba wako aendelee kumtunza na kumtembelea mama yake bila kungoja apoe. Ikiwa wazee wote watakataa, mnaweza kufunga ndoa parokiani au bomani kwa haki yenu. Ninawajua waliofanya hivyo wakaishi vizuri, lakini wote walikuwa na mume aliyesimama imara kila ndugu zake walipomsema mkewe. Kwa mwanamume ambaye leo hawezi kumwambia mama yake kwamba hatamwoa binti wa jirani, nisingekushauri njia hiyo. Na ikiwa muda mliokubaliana utapita bila yeye kumwendea hata mzee mmoja, basi umejibiwa, binti yangu, ingawa hakuna aliyetamka neno. Ndoa ya bomani haitamponya mtu huyo, wala miaka mingine mitatu haitamponya.

Watu watakuambia pia umshtaki kwa kuvunja ahadi ya ndoa. Sheria ya Ndoa inaruhusu kudai fidia kwa ahadi iliyovunjwa, na vipo vifungu juu ya zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa. Kama ulitumia fedha zako katika maandalizi, au mlinunua kiwanja pamoja, onana na mwanasheria au watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hakuna mahakama itakayomlazimisha kukuoa, wala usingetaka mume wa namna hiyo.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi, na yakitokea utafute mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Nendeni wote wawili kwa paroko wenu au kwa wanandoa wanaofundisha mafundisho ya ndoa, hata kabla ya posa. Mchumba atakayekataa hata hilo atakuwa amekueleza jambo. Mazungumzo ya kifamilia yakishindikana, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwaita wahusika na kuwasikiliza pamoja, na huduma hiyo si ya wanandoa peke yao. Mtu yeyote wa upande wowote akikutisha au kukupiga, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Na kuhusu neno lako "nimechoka": kama usingizi umekutoka kwa wiki kadhaa, kama chakula hakipiti, au kama umewahi kufikiri kwamba ni heri usingekuwepo, nenda hospitali ukaonane na daktari au mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kushughulikia posa ya mtu yeyote. Mwambie pia mama yako. Katika barua yako umemtaja baba, shangazi na rafiki, lakini yeye hukumtaja hata mara moja.

Mkishakaa na mchumba wako, niandikie unieleze ni mzee yupi aliyekubali kumwendea na lini. Kama ni baba mdogo, nitakusaidia kuzipanga zile hesabu za ada na matumizi kabla hajaenda kwake.